Namba Haina Mama

Mwaka ule majina yalipobandikwa ukutani, jina langu lilikuwa chini ya jina lake, na wenzangu wakanipa pole kama mtu aliyefiwa.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa kemia, hapa Lubumbashi. Ili kumaliza masomo, kila mmoja wetu alipaswa kufanya utafiti na kuandika mémoire, kile kitabu cha kufunga chuo, chini ya mwalimu mmoja wa kumwongoza. Wenye bahati, au wenye wajomba, walipata walimu wa shaba na kobalti, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi. Mimi nilipata yeye. Tulimwita CT, tukizitamka herufi hizo kwa Kifaransa, sete. Ni kifupi cha cheo chake, chef de travaux, mwalimu wa chuo ambaye hajamaliza doktora, shahada ya juu kabisa. Wenzake wa rika moja walikuwa maprofesa siku nyingi, na wengine walikuwa wamekwisha kustaafu. Yeye alikuwa bado CT, na mada yake ilikuwa karanga.

Karanga na mahindi ya sokoni. Alichokitafuta ni kuvu inayoota kwenye punje zilizofungwa kwenye magunia kabla hazijakauka, na sumu inayoachwa na kuvu hiyo. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala ulimi hauitambui. Inakula ini la mtu polepole, miaka na miaka, na siku anapougua hakuna anayekumbuka alikula nini. Nilipomweleza baba, aliweka kijiko chini. Babu alitoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, baba naye alizeekea kwenye karakana ya reli, na mimi alikuwa amekwisha kuniona nimevaa kofia ngumu katika labo, maabara ya mgodi.

"Karanga?" alisema. "Mama yako anauzisha karanga kila siku. Hiyo haiko kintu ya kuendea ku université."

Mama, ambaye alikuwa na depo yake ndogo, duka la magunia kando ya soko la Katuba, alicheka tu.

CT hakuwa na maneno mengi, na hayo machache aliyachunga. Kulikuwa na neno moja lisilosemwa kabisa katika labo yake, nalo ni "karibu". Ukimwambia maji yamefika karibu nusu ya chombo, alikuwa anauliza, "Karibu ya upande gani?" Kisha anangoja. Walimu wengine walitupigia kelele. Yeye alikuwa anaweka mikono nyuma, anakutazama juu ya miwani, na anangoja mpaka wewe mwenyewe unarudi mezani kusoma upya. Ningependa kelele kuliko kungojwa vile.

Na mtu huyo huyo, aliyehesabu matone, hakuwahi kufika kwa wakati hata siku moja. Saa mbili na nusu mlango wa labo ungali umefungwa, unampigia simu, anakujibu, "Niko njiani, mademoiselle, niko pa rond-point." Lakini nyuma ya sauti yake, badala ya magari ya mzunguko ule wa barabara, unasikia kuku, unasikia redio, unamsikia mkewe akimwuliza kama atakula kwanza. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "CT, leo pa rond-point kulikuwa kuku mingi."

Alifungua kufuli taratibu, hakugeuka.

"Njia," alisema, "inaanzia pa kitanda."

Koti lake lilikuwa moja, la kijivu, na alilivaa hata mwezi wa kumi, joto linapowafanya watu wazima wakae kivulini na shati wazi. Katika mfuko wa juu alikuwa na kalamu tatu. Ya buluu ilikuwa ya mambo tuliyoyaona. Nyekundu ilikuwa ya makosa yetu. Ya kijani ilikuwa ya mambo tusiyoyajua, na ndiyo iliyokuwa ikiisha wino haraka. Ukurasa wangu wa kwanza ulirudi kwangu wa kijani kama bustani ya lenga-lenga.

Labo yenyewe ilikuwa chumba chembamba mwishoni mwa ukumbi, dirisha lake moja limezibwa kwa katoni. Giza lile lilikuwa na kazi yake. Tulisaga karanga, tukaziloweka, tukachuja, tukadondosha tone juu ya kibao cha kioo, kisha tukakiweka chini ya taa yenye mwanga usioonekana. Kama karanga ilikuwa safi, kibao kilibaki cheusi. Kama ilikuwa na sumu, doa liliwaka buluu. Ilikuwa buluu nzuri sana. Nakumbuka niliona aibu kuipenda.

Umeme ulikatika mara nyingi kuliko ulivyowaka. Tulikaa gizani tukingoja, saa nzima, mara nyingine mbili, mimi na yeye na fundi wa labo, mzee mpole aliyekuwa akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. CT hakulalamika. Alikuwa anachoka tu. Unasikia anavyopumua, kisha unasikia kiti, amekaa. Umeme ukirudi tunaanza tangu mwanzo, kwa sababu kibao kilichongoja hakiaminiki. Kuna siku tulianza mara nne, na siku hiyo hatukupata kitu.

Walimu walipogoma, na mgomo ule ulikuwa mrefu, yeye aligoma pamoja nao. Alihudhuria mikutano yao, aliinua mkono kukubali mgomo uendelee, kisha akatembea moja kwa moja mpaka labo na kufungua. Nilimwuliza, "CT, si mugomo?"

"Nimegoma kufundisha," alisema. "Hii haiko kufundisha. Nakuja kuangalia frigo." Akaweka kibao chini ya taa, akaniita nione.

Kuhusu doktora yake watu walisema mengi. Wengine walisema umeme ulikatika wiki nzima na sampuli zake zote zikaoza kwenye friji. Wengine walisema profesa wake alikufa, na yule aliyerithi kazi akataka abadilishe mambo ambayo yeye alikataa kubadilisha. Fundi wa labo, aliyemjua kuliko wote, alisema ni uchovu tu. Kila mwaka alikuwa na wanafunzi wa kumalizisha, na wakishamaliza wao, yeye alikuwa hana nguvu iliyobaki. Nilimwuliza mwenyewe mara moja tu. Aliangalia kabati na kusema, "Iko inakauka."

Katika kabati hilo kulikuwa na katoni tano za karatasi zilizopigwa chapa. Ndiyo ilikuwa doktora. Na kwa kuwa chuo hakikuwa na karatasi, alikuwa akichukua kurasa zake moja moja na kuandika masahihisho yetu mgongoni mwa kurasa hizo. Nimeisoma doktora ile namna hiyo, bila mpangilio, ukurasa wa tisini kabla ya ukurasa wa tatu, upande wa pili wa makosa yangu. Iliandikwa vizuri. Siku moja nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba sentensi yangu ya pili haina kitenzi.

Fundi wa labo alipofariki, tulikwenda matanga. Tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na binti wa marehemu akapitisha sahani ya karanga za kukaanga. Nilimtazama CT. Nilijua kwamba hagusi karanga za sokoni. Nyumbani kwake, aliniambia mwenyewe, zilikuwa hazivuki mlango. Akachota kiganja kizima. Akatafuna moja moja, akinitazama, mpaka zikaisha. Katika njia ya kurudi alisema bila kuulizwa, "Pa matanga, mademoiselle, bantu hawapime."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nilikusanya sampuli katika masoko ya mjini, nikanunua kama mnunuzi yeyote, nikatia kila moja katika bahasha yenye namba. Majina ya wauzaji nikayaandika katika daftari la pembeni, na CT akalifungia dawatini, ili wakati wa kupima nisijue ninampima nani. Nilinunua kwa mama pia. Sikufikiri mara mbili. Depo yake ilikuwa karibu, na nilitaka kufikisha idadi.

Vipimo vilipokwisha, akanipa daftari nijaze jedwali. Kulikuwa na namba moja iliyowaka kuliko zote. Tulikuwa tumeipima mara tatu, kila mara buluu ile ile. Nikafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye jina, na jina lilikuwa la mama.

Nililia kidogo, nikanawa uso. Kisha nikaandika jedwali zuri, kwa rula, na nikairuka namba ile. Nilijiambia kwamba sampuli moja haibadilishi kitu. Na kweli haikubadilisha. Nilihesabu upya na mémoire ilisimama vile vile. Niliwaza wajumbe wa jury, walimu watakaonihoji, niliwaza majirani, niliwaza mama amekaa mbele ya magunia yake na hakuna anayekuja. Zaidi ya yote niliwaza distinction, alama ile ya juu ambayo bila hiyo mtoto wa karakana haulizwi jina na mtu yeyote.

CT alisoma jedwali amesimama. Kidole chake kilishuka taratibu, kikasimama.

"Hapa kuna muntu anakosekana."

"Ile sampuli iliharibika, CT."

"Iliharibika namna gani?"

"Mayi iliingia."

"Bon." Alichukua kalamu ya buluu, akaniwekea mkononi. "Andika hapa chini: iliharibika na mayi. Kisha weka sinyatire yako."

Akaweka mikono nyuma, akingoja saini yangu.

Kalamu ililowa jasho mkononi mwangu. Mwishowe nikaiweka mezani na kusema, "Ni ya mama yangu."

Hakushtuka. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi macho yake yalivyochoka.

"Namba haina mama, mademoiselle," alisema. "Lakini weye uko naye. Kwa hiyo utafanya mambo mbili. Namba utairudisha pa nafasi yake, bila jina. Na mama utamwambia weye mwenyewe, leo, mbele hajasikia kwa bengine."

Nilimwambia jioni ile, jikoni, akisonga bukari, ugali wetu. Nilitumia maneno yote niliyofundishwa, kuvu, unyevu, ini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika sufuria.

"Nilikulisha na hizi karanga," alisema. "Nilikusomesha na hizi karanga. Sasa weye uko mufu? Uko mugonjwa? Ni nani alikufa juu ya karanga yangu?"

"Mama, haiko kosa yako. Zilitoka kijijini mbichi, zikafungwa mu gunia—"

"Unaendaka ku université kujifunza kumusemea mama yako vile?"

Siku tatu hatukuzungumza. Alinipakulia chakula na kukiweka mbele yangu, na mimi nilikula.

Jumamosi nilikuwa depo kumsaidia, kwa kuwa kununa hakukufuta kazi, nilipoona koti la kijivu likija kati ya meza za dagaa. Alikuwa amechelewa, bila shaka, ingawa hakuna aliyekuwa akimngoja. Akamwamkia mama. Mama akaitikia akiangalia pembeni. CT akageuza kreti tupu, akaketi, akavuta ungo, akachota karanga kutoka gunia lililo wazi na kuanza kuchagua.

Hakueleza kitu. Aliyekuwa akitufundisha maneno ya Kifaransa yenye silabi saba hakuwa na hata moja siku hiyo. Alichukua punje, akaigeuza kwenye mwanga. Iliyojaa, yenye ngozi nzima, huku. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, kule. Wateja walikuja wakamwona, wakauliza ni nani. Mama akasema hamjui. Jua lilipanda. Jasho lilimtiririka shingoni hadi kwenye kola, na koti hakulivua.

Kengele ya parokia ilipolia adhuhuri, lile fungu baya lilikuwa limekuwa kubwa. Mama alikuwa akilitazama kwa muda. Mwishowe alisogeza kigoda chake, akaketi upande wa pili wa ungo, na vidole vyake, ambavyo vimeshika karanga tangu sijazaliwa, vikaanza kuchagua mara tatu haraka kuliko vya CT. Nami nikaketi.

"Na hizi mbaya," mama alimwuliza baadaye, "natupa wapi?"

"Chimba shimo, Mama. Usipe muntu. Usipe hata kuku."

"Ni mingi."

"Iko mingi, ndiyo," alisema CT. "Pole, Mama."

Nataka kusema kwamba hapo ndipo nilipoijua kazi yangu, na ni kweli, ingawa haikuja kama mwanga. Ilikuja kama kiuno kinachouma. Nilikuwa nimeinama juu ya ungo, mgongo unaniwaka, na nikafikiri: jedwali langu halijamzuia mtu yeyote kula chochote, hiki ndicho kinachozuia. Na nikajua kwamba nitaamka asubuhi nyingine nikifanya jambo hili, na nyingine baada yake.

Usiku, akifunga kanga, mama alisema, "Ule baba hajue kuongea. Lakini anajua kukaa." Tangu siku ile anachagua. Aliweka magunia juu ya mbao yasiguse sakafu, akakataa mizigo yenye unyevu. Karanga zake zilipanda bei kidogo na baadhi ya wateja wakahamia jirani, ambako hakuna anayechagua. Wengine walirudi. Si wote.

Nilipata distinction. Katika utetezi, namba ile ilikuwa kwenye jedwali, na mtu mmoja wa jury akauliza ilikotoka. Nilisema ni depo ya Katuba na kwamba mwenyewe amekwisha kuambiwa. CT alikuwa akiangalia dari. Wiki chache baadaye labo ya kampuni moja ya mgodi iliniita kwa majaribio ya kazi, na sikwenda. Baba alinyamaza mwezi mzima. Kisha alianza kunisalimia tena, kwa ufupi, kama unavyomsalimia mtu aliyehama parokia.

Miaka imepita. Ninafanya kazi katika shirika dogo lililopanga villa katika mtaa wa Golf. Chumba cha kulala cha zamani ndiyo labo yetu. Tunafundisha wakulima kukausha na kuhifadhi. Inachosha. Mnakwenda kijijini Kasomeno na maturubai ya kuanikia mahindi, mnaeleza, mnaonyesha, watu wanapiga makofi. Mnarudi msimu ukiisha na kuyakuta maturubai yamefunika mapaa ya nyumba. Na huwezi kumlaumu mtu ambaye nyumba yake inavuja.

Nilikuwa nimerudi kutoka safari kama hiyo, wiki za kwanza za mvua mwaka huu, mlinzi aliponipigia kusema kuna mzee getini, viatu vyake vimejaa matope, anasema ananijua. Nilitoka. Alikuwa amekonda mpaka koti lilionekana la mtu mwingine.

"CT."

"Mademoiselle," alisema. Nina watoto wawili, na hapa kila mtu ananiita madame.

Nilimketisha ofisini kwangu, nikatafuta chai, yake na yangu. Alisoma karatasi zilizobandikwa ukutani, moja baada ya nyingine, akauliza vipimo vya mstari wa tatu vilirudiwa mara ngapi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema wamempumzisha kazini, chumba kile kimepewa watu wa kompyuta, na mkewe haoni vizuri.

"Nimekuja kuuliza kazi," alisema. "Kupima, naweza. Kuosha vyombo, naweza. Mikono haijaanza kutetemeka."

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, yale tunayoyasema sote: nitaona, acha namba yako, nitakupigia. Nilimtazama na sikuweza.

"Nafasi hakuna, CT. Hata mi mwenyewe, mkataba yangu inaisha kabla ya kiangazi, na hawajaniambia kintu."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Alikunywa chai yake. "Asante," alisema. "Kwingine kote waliniambia nirudi Jumatatu."

Akaomba akae kidogo kabla ya kurudi, kwa ajili ya miguu. Nikasema akae. Nilifungua ripoti niliyokuwa naisahihisha, na nilipoinua macho alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mikono juu ya magoti. Mwenzangu alifungua mlango. Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Mvua ilikuja, ikapiga mabati ya gereji, ikaondoka. Simu yangu ililia nikaizima. Nilimaliza ripoti ile na nyingine mbili. Yeye hakusogea. Alilala kama mtu anayelipa usingizi wa miaka mingi, na mimi nilikaa pale, na siku nzima sikufanya jambo jingine lenye maana kuliko hilo.

Mlinzi alipokuja na funguo za kufungia ofisi, sauti yao ilimwamsha. Aliweka sawa miwani.

"Nililala?"

"Kidogo, CT."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

Aliangalia dirisha, ambako jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya ukuta wa jirani. Akamwangalia mlinzi na funguo zake, na chai yangu iliyoganda juu. Kisha akaniangalia mimi, juu ya miwani, na nikangoja.

"Kumi," alisema. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. "Kumi inatosha."